Uumbaji una somo lake, sayansi ina somo lake: watoto wa Kivu wasinyimwe hata moja

GOMA – Magharibi mwa mji, kuanzia upande wa Mugunga na Bulengo hadi kuelekea Sake, kuna mashimo na vibonde vidogo ndani ya mawe ya volkano ambavyo wakaaji wa zamani wanaviogopa. Wanaviita mazuku. Asubuhi mapema, wakati hakuna upepo, mbuzi anashuka humo kula majani na harudi. Mbwa anamfuata, naye anaanguka. Mara nyingine ni mtoto aliyetumwa kutafuta kuni. Hakuna jeraha, hakuna damu, hakuna moshi unaoonekana. Wapo waliosema, na wapo wanaosema hadi leo, kwamba ni pepo wabaya.

Wataalamu wa volkano wana jibu lingine. Ndani ya mazuku mna gesi ya kabonidioksidi inayopanda kutoka chini ya ardhi kupitia nyufa za mawe. Gesi hiyo haina rangi, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Ndiyo maana inatulia chini kama maji ndani ya beseni, hasa usiku na alfajiri, mpaka jua na upepo viitawanye. Mtu mzima aliyesimama anaweza kuwa bado anapumua wakati mtoto aliye chini karibu naye amekwisha kuzimia.

Vita vilipozileta familia nyingi za Masisi na Rutshuru kwenye eneo hilo, wengi walijenga vibanda vyao juu ya mawe wasiyoyajua. Mtoto aliyefundishwa darasani kwamba kuna gesi nzito inayokaa chini, na kwamba haifukuzwi kwa kelele wala kwa hirizi, anaweza kumzuia mdogo wake asishuke kwenye shimo. Somo la sayansi lipo kwa kazi ya namna hiyo.

Kwa sababu hiyo, swali linalorudi mara kwa mara katika shule za mashariki mwa Kongo, na hata kwenye vipindi vya redio, linahitaji jibu la wazi. Je, fundisho la uumbaji, lile linalosema kwamba kila kiumbe kiliumbwa kama kilivyo leo na kwamba dunia ina miaka elfu chache tu, liingizwe ndani ya somo la biolojia, kando ya mageuzi ya viumbe au mahali pake? Wapo wachungaji wanaotaka hivyo, wapo wazazi wanaotaka hivyo, na wapo walimu ambao wakifika kwenye sura ya mageuzi wanaifunga haraka ili wasigombane na mtu.

Jibu linalotetewa hapa ni hapana. Uumbaji ufundishwe katika somo la dini, kwa heshima yake yote. Katika somo la sayansi, mwanafunzi afundishwe sayansi. Lakini hapana hiyo haifai kutolewa kwa dharau, kwa sababu wanaosema ndiyo wana sababu zao, na baadhi ya sababu hizo ni nzito.

Shule ni za nani?

Sababu ya kwanza ni kwamba shule nyingi nchini ni za makanisa. Hilo ni kweli na lina historia. Mwaka 1974 utawala wa Mobutu ulizitaifisha shule za makanisa, na somo la dini likaondolewa. Serikali haikuweza kuzibeba. Tarehe 26 Februari 1977 mkataba ulitiwa sahihi, na shule zikarudishwa mikononi mwa makanisa kwa usimamizi. Ndiyo maana leo kuna shule za konvansione za Wakatoliki, za Waprotestanti, za Wakimbangu, za Waislamu na nyingine.

Basi mzazi anauliza: kama shule ni ya kanisa, kwa nini kanisa lisifundishe linachoamini?

Linafundisha, na lina haki hiyo. Somo la dini lipo kwenye ratiba. Lakini mkataba ule uligawa kazi. Kanisa linasimamia shule, linapendekeza prefe na walimu, linalinda maadili. Serikali inaweka programu ya masomo, inatuma wakaguzi, inapaswa kulipa walimu, na inatoa mtihani wa taifa, ule Exetat ambao kila familia inaujua. Programu ya sayansi ni moja kwa mtoto wa Uvira, wa Butembo na wa Kinshasa. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 1, inasema wazi kwamba Jamhuri haifungamani na dini yoyote, na kifungu cha 45 kinampa kila mtu nafasi katika shule za taifa bila ubaguzi, pamoja na ubaguzi wa dini.

Kwa familia zilizohama makwao, jambo hili si maneno ya wanasheria tu. Zamani mtoto wa kijiji fulani alisoma katika shule ya kanisa la baba yake. Vita vimechanganya watu. Leo darasa moja lenye watoto wengi kuliko viti linaweza kuwa na Mkatoliki kutoka Masisi, Mwadventista kutoka Lubero, Mwislamu kutoka Kasongo, mtoto wa kanisa la uamsho, na mwingine ambaye nyanya yake bado anasimulia habari za mababu namna dunia ilivyoanza. Wote wamekaa kwenye shule ile ile kwa sababu ndiyo iliyo karibu na kambi, au ndiyo iliyokubali kuwapokea bila karatasi.

Mwalimu akisema atafundisha uumbaji ndani ya biolojia, atafundisha uumbaji upi? Waadventista wengi wanashika siku sita kama siku za saa ishirini na nne. Kanisa Katoliki halishiki hivyo. Waislamu wana Kurani yao na wafasiri wao. Mwalimu akichagua mmoja, amewaambia watoto wengine kwamba nyumbani kwao wanafundishwa uongo. Tena amewaambia hivyo akiwa na chaki ya serikali mkononi na alama za kutoa au kukatalia. Mtoto aliyepoteza nyumba hafai kuambiwa darasani kwamba hata imani ya wazazi wake haina nafasi.

Sayansi haina tatizo hilo. Gesi ya mazuku haiulizi mtu anasali wapi. Yeyote anaweza kuipima na kupata jibu lile lile.

Mageuzi ni nini hasa?

Sababu ya pili ni uelewa mbaya. Watu wengi wamesikia kwamba mageuzi yanasema binadamu alizaliwa na nyani, yule wa msituni. Mzazi akisikia hivyo anakasirika, na ana haki ya kukasirika, kwa sababu hivyo sivyo sayansi inavyosema.

Kinachosemwa ni kwamba viumbe vyote vina ukoo, na kwamba ndani ya kila kizazi kuna tofauti ndogo ndogo. Watoto wa mama mmoja hawafanani kabisa, na mbegu za mhogo mmoja hazitoi mashina yanayolingana. Tofauti nyingine zinamsaidia mwenye nazo kuishi na kuzaa, nyingine zinamwangusha. Baada ya vizazi vingi sana, tofauti zinazosaidia zinaenea, na makundi yaliyotengana yanakuwa mbali hata hayazaani tena. Binadamu wa leo hakutoka kwa bonobo wa leo, kama vile mtu hazaliwi na binamu yake. Bonobo, sokwe na binadamu wana babu mmoja wa zamani sana ambaye hayupo tena.

Ushahidi wa jambo hili haupo Ulaya tu. Wavuvi wa Uvira, Fizi na Kalemie wanauvuta kila siku ndani ya nyavu zao. Ziwa Tanganyika, ambalo wataalamu wa miamba wanakadiria lina miaka kati ya milioni 9 na 12, lina aina zipatazo 250 za samaki wa jamii ya sikilidi, na karibu zote hazipatikani mahali pengine duniani. Wengine wanakula magamba ya samaki wenzao, wengine wanakwangua mwani kwenye mawe, wengine wanaishi ndani ya makombe ya konokono. Midomo yao na meno yao vimeachana kulingana na chakula chao, lakini chembe zao za urithi zinaonyesha ukoo wa karibu. Mwalimu wa biolojia wa Uvira hana haja ya kitabu cha rangi kutoka Paris. Anaweza kuwapeleka wanafunzi sokoni.

Upande wa kaskazini, mahali mto Semliki unapotoka Ziwa Edouard, pana Ishango. Mwaka 1950 mtaalamu Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua hapo mfupa mdogo wenye mikato iliyopangwa kwa makundi, ambao unakadiriwa kuwa na miaka ipatayo 20.000. Wataalamu wengi wanaona ni kifaa cha kuhesabia. Mfupa huo uko Brussels hadi leo. Katika bonde hilo hilo, mahali paitwapo Katanda, vilipatikana vyusa vya mifupa vilivyochongwa kwa ajili ya kuvulia samaki wakubwa, vyenye umri unaokadiriwa kuwa miaka 90.000. Maana yake ni kwamba watu wa Semliki walikuwa wanatengeneza zana za uvuvi kabla ya mtu yeyote kufikiria kuandika neno lolote mahali popote.

Mwanafunzi wa Beni anayeambiwa kwamba dunia ina miaka 6.000 anaporwa historia hiyo. Anaambiwa kwamba wavuvi wa Katanda hawakuwepo. Ni vigumu kuelewa ni faida gani mtoto wa Kongo anaipata kwa kufutiwa mababu zake.

Kidonda cha Ota Benga

Sababu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na watetezi wa sayansi mara nyingi wanaipita haraka. Kuna Wakongomani wanaokataa mageuzi kwa sababu wanakumbuka, au wamesikia, namna nadharia hiyo ilivyotumiwa kuwadharau.

Ota Benga alikuwa kijana wa jamii ya Mbilikimo kutoka Kongo ya Leopold II. Mwaka 1904 Mmarekani Samuel Verner alimnunua na kumpeleka kuonyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya St. Louis. Mwaka 1906 aliwekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ndani ya nyumba ya nyani, pamoja na orangutani, na watu wakaja kwa maelfu kumtazama. Waliofanya hivyo walijifanya wanaonyesha mageuzi. Waliosimama kupinga walikuwa wachungaji weusi wa kanisa la Baptisti. Walisema yeye ni mtu mwenye roho, na walishinda: Ota Benga alitolewa. Hakurudi kwao. Alijiua huko Virginia mwaka 1916.

Katika habari hiyo makanisa yalisimama upande wa haki, na waliojiita watu wa sayansi walisimama upande wa aibu. Mwalimu anayefundisha mageuzi nchini Kongo anapaswa kuijua habari hii na kuisimulia mwenyewe kabla hajaulizwa.

Lakini lazima asimulie na kilichofuata. Sayansi yenyewe iliendelea kuchimba, na ikawapiga wabaguzi kofi. Mabaki ya kale kuliko yote ya binadamu wa aina ya leo yamepatikana Afrika. Chembe za urithi za watu wawili wowote duniani, Mzungu wa Oslo na Mbuti wa Ituri, zinafanana kwa kiasi cha asilimia 99,9. Hakuna kundi la watu lililobaki nyuma karibu na nyani wakati wengine wanasonga mbele. Wote wametembea safari ya urefu ule ule kutoka kwa mababu wale wale, na mababu hao walikuwa Waafrika. Aliyemfungia Ota Benga kwenye nyumba ya nyani hakuwa anafundisha mageuzi. Alikuwa hajayaelewa.

Na kuna jambo la pili ambalo watu wa Maziwa Makuu hawana ruhusa ya kulisahau. Mwaka 1863 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alichapisha kitabu ambamo alidai kwamba watawala wa eneo hili walikuwa watu wa damu nyingine waliotoka kaskazini. Alijenga dai hilo juu ya habari za Hamu, mwana wa Nuhu. Baadaye wakoloni walilivika joho la sayansi, wakapima pua na vichwa vya watu, wakaandika makabila kwenye karatasi kama aina za ng'ombe. Sumu hiyo ya kusema huyu ni mwenyeji na yule ni mgeni wa damu bado inanywewa. Watu wamekufa kwa ajili yake, na wengi wa wanaolala leo chini ya maturubai wamekimbia moto uliowashwa nayo.

Sumu hiyo ilitokana na kuchanganya habari ya Maandiko na vipimo vya uongo, kisha kuiita elimu. Maandiko hayakuandikwa kwa kazi hiyo, na sayansi ya kweli ilikuja kuikanusha. Kila mmoja alipolazimishwa kufanya kazi ya mwenzake, vyote viwili viliharibika, na watu wakalipa.

Ugomvi ulioletwa kutoka mbali

Vita hivi vya uumbaji dhidi ya mageuzi, kwa namna vinavyosikika leo kwenye mahubiri yanayosambazwa kwa simu, havikuzaliwa Bukavu wala Bunia. Kwa sehemu kubwa vilizaliwa Marekani.

Mwaka 1925, katika mji mdogo wa Dayton, jimbo la Tennessee, mwalimu John Scopes alishitakiwa kwa kufundisha mageuzi na akatozwa faini ya dola 100. Baadaye baadhi ya majimbo yalijaribu njia nyingine: mwalimu akifundisha mageuzi, afundishe na uumbaji kwa muda ule ule. Mwaka 1987 Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta sheria ya namna hiyo ya jimbo la Louisiana. Ndipo likaja jina jipya, usanifu wenye akili, bila kumtaja Mungu. Mwaka 2005, huko Dover, Pennsylvania, wazazi 11 walikwenda mahakamani kulipinga. Jaji John Jones, aliyeteuliwa na Rais George W. Bush, mtu ambaye hakuna aliyeweza kumwita adui wa dini, aliwasikiliza mashahidi kwa wiki kadhaa. Aliamua kwamba usanifu huo si sayansi, ni fundisho la dini lililobadilishwa jina. Mmoja wa mashahidi wakuu waliotetea mageuzi alikuwa Kenneth Miller, mwanabiolojia na Mkatoliki anayesali.

Nchi ile ina maabara, umeme na vitabu vya kutosha, na bado ugomvi huo umeilia miaka mia. Shule za Kivu, ambazo nyingine zina bati lililotobolewa na risasi na nyingine zinafundishia chini ya hema, hazina nafasi ya kuubeba.

Wakatoliki, ambao wana shule nyingi nchini, hawana hata sababu ya kuubeba. Papa Pius XII alisema mwaka 1950 kwamba waumini wanaweza kuyachunguza mageuzi ya mwili wa binadamu, huku wakishika kwamba roho inatoka kwa Mungu. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II alisema kwamba mageuzi ni zaidi ya dhana tu. Aliyegundua namna tabia zinavyorithiwa, Gregor Mendel, alikuwa mtawa. Aliyefikiria kwamba ulimwengu ulianza kutoka mahali pamoja padogo sana na kutanuka, Georges Lemaître, alikuwa padri Mbelgiji wa chuo kikuu cha Louvain. Wote wawili walisali asubuhi, kisha wakaenda kazini.

Bei ya kutojua

Kuna watakaosema kwamba watu wana njaa na bunduki zinalia, hivyo mageuzi ya viumbe ni anasa. Historia ya karibuni ya Kivu inasema kinyume.

Wazee wanakumbuka nivakini. Ilikuwa dawa chungu iliyoponya malaria, na kila nyumba ilikuwa nayo. Kisha ikaacha kuponya, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ikalazimika kuiacha. Vidonge vilikuwa vile vile. Kilichobadilika ni kijidudu: vichache vilivyoweza kuvumilia dawa vilibaki hai, vikazaa, vikajaa. Hayo ni mageuzi, na yaliua watoto. Mama anayeelewa hivyo anaelewa pia kwa nini muuguzi anamwambia amalize dozi yote na asigawe vidonge nusu nusu kwa majirani.

Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, Ebola iliua watu 2.287 katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na sehemu ya Kivu ya Kusini. Wengi walikataa kuamini, wauguzi walishambuliwa, wengine waliuawa. Mwezi wa pili 2021 ugonjwa ulipoonekana tena upande wa Butembo, maabara zilisoma chembe za urithi za virusi na kukuta vina undugu na vile vya mlipuko uliopita. Haikuwa Ebola mpya kutoka msituni. Ilikuwa ile ile, iliyobaki mwilini mwa mtu aliyepona. Wataalamu walijua hivyo kwa kuchora mti wa ukoo wa virusi, kwa hesabu zile zile zinazochora ukoo wa samaki wa Tanganyika.

Kisha ikaja mpox. Ugonjwa huu ulitambuliwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza nchini Kongo, mwaka 1970. Mwishoni mwa 2023, kwenye mji wa dhahabu wa Kamituga, Kivu ya Kusini, ilionekana aina yake mpya iliyokuwa imebadilika na kuenea kutoka mtu hadi mtu kwa wepesi. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura ya kimataifa. Wakati huo ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia katika kambi za wakimbizi wa ndani kandokando ya Goma, ambako watu kumi walikuwa wanalala ndani ya hema moja na maji ya kunawa yalikuwa yanapangiwa foleni.

Mtoto aliyefundishwa kwamba viumbe havibadiliki kamwe atasikia kuna aina mpya ya mpox, naye atafikiria kwamba kuna mtu ameitengeneza ili kuwamaliza. Uvumi huo umetembea kambini, na wanaoulipia ni wagonjwa wanaofichwa. Mtoto aliyefundishwa kwamba virusi hubadilika kila vinapozaana atauliza swali lingine: chanjo ipo? mgonjwa atengwe wapi?

Kifanyike nini?

Hakuna anayepaswa kumfukuza Mungu shuleni. Katika miaka hii ya vita, raia walipokimbia walipokewa na parokia, na makanisa, na misikiti. Wengi walilala kwenye mabenchi ya kanisa kabla ya kupata turubai. Mama aliyezika watoto wawili njiani hana cha kushika isipokuwa sala, na mwalimu anayemcheka hastahili kushika chaki.

Kinachoombwa ni utaratibu. Katika somo la dini, mwalimu afundishe uumbaji wazi wazi: dunia ina mwenyewe, binadamu ana heshima isiyouzwa, na kila aliye hai atatoa hesabu. Katika somo la biolojia, mwalimu afundishe mageuzi kama yalivyo kwenye programu, bila kuyaruka na bila kuyatumia kushambulia imani. Mwanafunzi akimwuliza, mwalimu, je, Mungu yupo?, jibu la heshima ni kumwambia kwamba biolojia haina kipimo cha swali hilo, na kwamba padri, mchungaji, imamu na wazazi wake wapo. Akimwuliza, je, mchungaji wetu amekosea kusema dunia ina miaka elfu sita?, amwonyeshe Katanda, amwonyeshe Ziwa Tanganyika, na amwache afikiri.

Wazazi waitwe kwenye mkutano kabla ya sura hiyo kufundishwa, waelezwe kitakachosemwa na kisichosemwa. Hofu nyingi huisha hapo. Wasimamizi wa shule za konvansione wawalinde walimu wao, kwa sababu mwalimu asiye na mshahara wa uhakika hawezi kusimama peke yake mbele ya mchungaji aliyekasirika. Na redio za jamii, ambazo ndizo darasa la wale ambao shule yao imefungwa au imegeuzwa makao ya watu waliohama, zitoe nusu saa kwa mambo haya kwa Kiswahili cha watu, pamoja na daktari na kiongozi wa dini mezani.

Ipo na sababu ya Exetat. Swali la urithi na mageuzi likiwekwa kwenye karatasi, halitamsamehe mtoto wa kambini kwa sababu mwalimu wake aliogopa. Mtoto wa Lubumbashi au Kinshasa atajibu, yeye ataacha wazi. Amekwisha kupoteza miaka ya masomo kwa ajili ya vita ambavyo hakuvianzisha. Watu wazima wanaompenda, wenye Biblia na wenye Kurani, hawafai kumwongezea hasara nyingine kwa mikono yao.

Jioni, mama anayemwita mtoto wake asichezee karibu na shimo la mazuku anamwombea kwa Mungu, na pia anamweleza habari ya gesi isiyoonekana. Haoni ugomvi kati ya mambo hayo mawili. Shule nayo inaweza kumfundisha mtoto huyo yote mawili, kila moja kwa saa yake.